Maswali ya Wasomaji: Wamekwaruzana au Wamegombana?

SWALI: Nyumba yetu ina wapangaji sita, kamba ya kuanikia ni moja. Mwenzangu alianua nguo zangu zikiwa bado mbichi akaanika mashuka yake. Nikamwambia, akanijibu, nami nikamjibu, yakaisha. Jioni tukapelekeana vyakula kama kawaida. Mume wangu akamwambia mwenye nyumba kuwa "wamegombana". Mimi nasema tulikwaruzana tu. Nani kasema sawa?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Wewe, bibie. Kukwaruza ni kupitisha kitu kikali juu ya kingine kikaacha alama bila kukitoboa, na kukwaruzana kwa watu ndiyo hivyo hivyo: maneno yamegusa ngozi, hayakuingia ndani. Hutumika kwa watu wa karibu, yaani ndugu, mke na mume, wapangaji wa uani, wafanyakazi wa ofisi moja. Konda na abiria wakibishania nauli ya daladala hawakukwaruzana, wamezozana, maana hawajuani na kila mmoja ameshikilia neno lake.

Kipimo hasa ni kinachofuata baada ya maneno. Nyinyi mmepelekeana vyakula jioni ile ile, kwa hiyo mkwaruzano umeishia hapo. Mngepishana mlangoni bila salamu siku mbili tatu, tungesema mmenuniana, na hilo ni zito zaidi ingawa hakuna aliyefungua mdomo. Na kama mko Barabara ya 8, kisha watu wa Barabara ya 9 wakatoka vibarazani kusikiliza, basi lilikuwa zogo. Hapo mume wako angekuwa na haki ya kumwita mwenye nyumba.

Usiseme "mkwaruzano mdogo", kwa sababu udogo umo ndani ya neno. "Mkwaruzano mkubwa" ndiyo kabisa, hukaa vibaya sikioni. Angalia na wingi wake: "wamepata mkwaruzano" ni tukio lililopita, lakini mtu akisema "pale kwao kuna mikwaruzano" hahesabu matukio, anakuarifu kwamba nyumba ile haina utulivu. Ukimzungumzia mkweo, chagua umoja.

SWALI: Redioni nasikia "sintofahamu" kila siku. Babu yangu wa Pangani anacheka kila likitajwa, hasemi kwa nini. Kuna kosa gani?
Kijana wa Chumbageni

JIBU: Babu ana sababu ya kucheka. Neno lenyewe ni suitafahamu, limetoka Kiarabu: suu, ubaya, na tafahum, kuelewana. Wasemaji walisikia "sui" mwanzoni wakadhani ni "si" ya kukanusha, wakaongeza "to" ya kutofahamu, na "n" ikaingia katikati bila mwenyewe. Sasa kwa mtu wa pwani, sinto- ni mwanzo wa kitenzi: sintokwenda, sintokula, maana yake sitakwenda, sitakula. Mtangazaji anaposoma "sintofahamu imeibuka sokoni", babu anasikia mtu aliyeapa kwamba yeye hataelewa.

Neno hilo limeshaenea na halitarudi lilikotoka. Sisi hapa tunaandika suitafahamu, ila hatumsahihishi mtu mezani. Kinachotuudhi ni matumizi yake. Suitafahamu ni watu kuelewana vibaya. Mfano, umemwambia fundi aje saa mbili ukiwa na maana ya asubuhi, yeye akabisha hodi saa mbili usiku. Hapo hakuna mwenye kosa, na maelezo ya dakika moja yanatosha. Watu wakirushiana ngumi mnadani, hizo ni purukushani. Viongozi wa chama wakigawanyika pande mbili, huo ni mtafaruku. Taarifa rasmi zinapenda kuyaita yote sintofahamu kwa kuwa neno hilo halimtaji mkosaji.

Kisarufi linakwenda na ngeli ya nyumba: suitafahamu imetokea, suitafahamu zimetokea. Halichukui "ma-".

SWALI: Mwanangu wa darasa la nne ameandika "mwalimu amenigombana", akakatwa alama. Nimweleze vipi?
Mzazi, Muheza

JIBU: Mwambie "-ana" inataka pande mbili zitendane. Mwalimu aliyemkaripia amemgomba, au amemgombeza. Kama mtoto naye alijibu, basi "nimegombana na mwalimu", na hapo ana kesi nyingine ya kujibu nyumbani. Kitenzi hiki kina watoto wengi: kugombea ni kuwania kitu, iwe kiti cha ubunge au nafasi kwenye foleni ya maji, kugombania ni kuwania kwa kuvutana, kugombanisha ni kazi ya mfitini. Kwenye methali ya ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, huwezi kuweka wakikwaruzana. Methali inataka ugomvi wa kweli, wa kumshawishi jirani aingilie.

SWALI: Kijembe ni ugomvi?
Bila jina, Raskazone

JIBU: Bado. Kijembe hakimtaji mtu, kwa hiyo aliyechomwa akijibu ndiye anayeonekana ameanza. Mkirudishiana ndipo watu husema mnapigana vijembe. Mipasho ni vijembe vilivyopanda jukwaani. Neno hilo lilivuma miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana kwa taarabu.

SWALI: Jirani yangu amesogeza uzio wa makuti hatua mbili ndani ya kiwanja changu. Nataka kuandika barua ofisi ya mtaa, ila sitaki nionekane mkorofi. Niandike "mkwaruzano"?
Msomaji, Tongoni

JIBU: Hapana. Mkwaruzano hauna mali ndani yake. Penye mpaka pana mgogoro, na ndilo neno la sheria: sheria ya 2002 iliyoweka mahakama za ardhi inataja utatuzi wa migogoro. Ukiandika mkwaruzano, mwenyekiti atawaita mpeane mikono, na uzio utabaki ulipo.

Weka kichwa: "YAH: MGOGORO WA MPAKA WA KIWANJA". Chini yake eleza kiwanja kiko wapi, uzio ulikuwa wapi na sasa uko wapi, ulisogezwa lini, nani alishuhudia, na unaomba nini. "Hatua mbili" zitakuangusha, kwa sababu hatua ya mtu mrefu si ya mfupi. Pima kwa futi kamba, uandike mita. Adabu uiweke kwenye vitenzi: "amesogeza uzio" badala ya "amenivamia" au "ameninyang'anya", maneno ambayo yeye naye atayatumia dhidi yako kwenye barua yake.

Msiposikilizana mtaani, shauri linakwenda baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nakala ya barua yako ya kwanza, yenye mhuri wa ofisi ya mtaa, nenda nayo.