Mji bila ukuta, vita vikiendelea

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa mawe hapa Kiamunyi, Nakuru. Binti yangu wa sekondari anadai Warumi walijenga miji kwenye nchi ambazo hawajamaliza kuziteka. Mimi hata kibanda cha saruji siweki kabla ya kuzungushia mabati. Wao waliwezaje, na mafundi waliwatoa wapi? – Fundi, Kiamunyi

JIBU: Marahaba, fundi. Binti yako amesoma vizuri. Chukua Camulodunum, ambao leo ni Colchester, mashariki mwa Uingereza. Maliki Claudius aliivamia nchi hiyo mwaka 43, na jeshi likapiga kambi hapo: handaki, tuta la udongo, mabweni yaliyopangwa kwa mistari. Kufikia mwaka 49 mapigano yalikuwa yamesogea magharibi, Wales, na kikosi kikahitajika huko. Walioachwa nyuma ni askari wastaafu, wakapewa mashamba, na kambi ikawa mji wao.

Mafundi ni askari wenyewe. Jeshi la Roma lilitembea na wapima, maseremala na waashi wake. Mitaa waliinyoosha kwa groma, msalaba wa mbao uliosimamishwa juu ya mti, kila ncha ikining'iniza timazi. Ungewekwa mbele yake, usingehitaji kufundishwa. Mabweni mengi waliyageuza makao tu. Kuta zilikuwa za udongo, kama nyumba ya nyanya yangu kule Butere, ila wao walizipaka lipu na rangi.

Sasa sikia kilichonishangaza hata mimi niliyefundisha historia miaka mingi. Ili mji upanuke, walilisawazisha lile tuta na kulifukia handaki! Kisha wakajenga ukumbi, jumba la michezo na hekalu kubwa la Claudius. Tacitus, mwanahistoria Mroma mwenzao, anawasuta kwamba walitanguliza mapambo wakasahau mahitaji. Na mashamba yale yalikuwa ya watu. Wastaafu waliwafukuza Watrinovante, kabila la wenyeji wa hapo, majumbani mwao wakiwaita mateka na watumwa, na gharama za ibada pale hekaluni zikawaangukia wenyeji hao hao. (Sisi wa Bonde la Ufa tunaijua hadithi hii: mwaka 1919 Waingereza nao waligawia askari wao waliotoka vitani ardhi ya huku, na wenye ardhi wakageuzwa vibarua.)

Mwaka 60 au 61 Malkia Boudica wa Waiceni, kabila jirani, aliinuka dhidi ya Warumi, Watrinovante wakamuunga mkono. Gavana na jeshi walikuwa mbali, kisiwani Mona, upande wa Wales. Wastaafu waliomba msaada, wakaletewa watu 200 hivi, tena wasio na silaha kamili. Walijifungia hekaluni, wakadumu siku 2. Mji wote ukateketea, na moto ukauoka udongo wa kuta hadi ukawa kama tofali la tanuri. Mpaka leo wanaochimba misingi Colchester hukuta tabaka hilo jekundu, na humo zimepatikana hata tende zilizoungua.

Ukuta wa mawe ulikuja baada ya moto huo, na sehemu kubwa bado imesimama, mistari ya matofali ikipita katikati ya mawe. Mwambie binti yako akutafutie picha yake kwenye simu, uangalie zile kozi, kisha uniandikie kama ni kazi ya fundi au ya kibarua.