Kushusha gari: maswali yenu

Kwa nini mtu alipie kulishusha gari lililotoka kiwandani likiwa zima?

Kwa sura, ingawa ukiwauliza wenyewe watataja kona kwanza. Kiwanda huacha uwazi mkubwa kati ya tairi na madigadi kwa sababu hakijui gari litabeba mzigo gani wala litapita njia gani. Uwazi huo ukipungua, gari linaonekana limekaa barabarani. Mimi sioni aibu kupenda hilo tu.

Lakini kona je, linashika zaidi?

Linaweza. Kwenye kona uzito hulemea tairi za nje, na kitovu cha uzito kikiwa chini ulemeaji huo hupungua. Ila tofauti kubwa anayoisikia dereva hutokana na ugumu wa springi mpya, zile fupi zinazofungwa ili kulishusha gari, unaofanya bodi isilale sana.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Magari mengi madogo yana miguu ya mbele ambayo springi na shokapu zimefungwa pamoja. Ukiyashusha kupita kiasi, ile mikono ya chini inayoshika tairi hubadilika mlalo, na nukta ambayo bodi huegemea ili kulala hushuka upesi kuliko kitovu cha uzito. Bodi hupata nguvu zaidi ya kulala, na ugumu wote wa springi uliolipia unaishia kupambana na tatizo ulilolileta mwenyewe. Springi nyingi za kushushia huteremsha gari milimita 25 hadi 40 hivi. Kwa gari la kila siku ningeishia hapo.

Fundi anasema atanikatia springi zilezile kwa bei nafuu. Nikubali?

Usikubali. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake tairi ikining'inia. Kuipasha moto ili inywee ni balaa zaidi, kwani moto huo unaua ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Shokapu za zamani nazo hubakiwa na nafasi ndogo ya kushuka, zikawa zinagota. Kama fedha haitoshi kununua springi na shokapu zinazoendana, subiri.

Tangu nishushe, tairi zinalika upande wa ndani.

Alaimenti hiyo, yaani mkao na mwelekeo wa tairi. Gari likishuka, tairi huinamisha vichwa ndani. Watu hulaumu mwinamo huo, lakini mara nyingi mlaji mkubwa ni tairi kutotazama mbele sawasawa, zikawa zinaburuzwa njia nzima. Pima alaimenti, na mwelekeo wa taa za mbele ukaguliwe pia.

Yale magari ya Marekani yanayopanda na kushuka yalianzaje?

Kwa kukwepa polisi! Wamarekani wenye asili ya Meksiko walishayashusha magari yao California, wengine kwa kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ya jimbo ikakataza gari lililorekebishwa kuwa na sehemu ya bodi iliyo chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 mpenzi wa magari Ron Aguirre akafunga haidroliki, yaani mitungi inayosukumwa na mafuta, kwenye gari lake la Corvette: akiona askari anapandisha, wakipita anashusha. Katazo hilo liliondolewa kuanzia Januari 2024.

Gari lililoshushwa linaokoa mafuta?

Kidogo, na kwenye mwendo wa kasi tu, maana hewa inayopita chini hupungua. Ukiongeza na rimu pana nzito, kama wengi wafanyavyo, hata hicho kidogo hukioni.