Anza na kaseti, tovuti ingoje

Dada, umesema mjomba amekuachia katoni ya kaseti za ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani iliyosoma programu kutoka kwenye kaseti, nawe unataka kuwajengea wapenzi wa mashine hiyo hapa Nairobi hifadhi ya programu mtandaoni. Hongera sana! Ila mashine hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1982, na ukanda wa kaseti unazeeka. Uokoe kwanza.

Ulizia redio kaseti nzima Luthuli Avenue. Safisha hedi, kile kichwa kinachosoma ukanda, kwa pamba na spiriti isiyo na mafuta. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo: cheza kaseti huku ukiizungusha taratibu kwa bisibisi nyembamba, hadi ule mlio mkali usikike wazi kabisa, bila kufifia. Mimi niliipuuza nikakaribia kutupa kaseti nzuri.

Rekodi sauti ya kaseti kwenye kompyuta kama faili ya sauti ya WAV ya 44,100 Hz na usiifute kamwe. Kisha, kutokana na WAV hiyo, tengeneza faili ya TZX, muundo wa kuhifadhi data ya kaseti za Spectrum. TAP, muundo mwingine wa aina hiyo, ni rahisi, lakini hushindwa kuhifadhi kaseti zenye namna ya pekee ya kupakia programu, na michezo mingi ya dukani ilikuwa hivyo. Bloku ya kawaida, yaani kipande cha data, huishia na baiti ya kuhakiki kama data imesomwa sawasawa. Isipolingana, rekodi tena.

Piga picha majalada pia, hata yenye mwandiko wa kalamu. Michezo ya dukani ina wenye haki zake, na mingi imeshahifadhiwa kwingine. Programu alizoandika mjomba mwenyewe ndizo za kutangulia: omba ruhusa ya familia, uziweke nakala tatu, moja nje ya nyumba.