Wadogo zangu, hiyo sehemu tupu iacheni kwanza

Kila kundi jipya likianza kuleta picha za mandhari, kosa ni lile lile. Ziwa limetulia, mawe yapo mbele, mlima uko kule nyuma, halafu mtu anakropu, yaani anakata kingo za picha, mpaka unabaki mlima peke yake. Ukimuuliza sababu anajibu, "Kule chini kulikuwa kutupu." Jamani!

1. Huo utupu ulikuwa kazini. Tuseme faili lako ni pikseli 6000 kwa 4000, umepiga kwa lenzi ya mm 24 kwenye kamera yenye kihisi (kile kinachopokea mwanga) cha mm 36 kwa 24. Unakropu mpaka 2400 kwa 1600. Kwenye skrini mlima umekua mara 2.5, ila machoni umepungua. Ukubwa wake ulitokana na yale mawe: jicho lilianza kwenye jiwe ambalo kila mtu anajua kimo chake, likavuka maji, likafika ng'ambo ambako miti imeshakuwa nukta, ndipo likapanda mlima. Sasa hakuna cha kuupimia, na kwa anayetazama ungeweza kuwa kichuguu.

Hasara haiishii hapo. Ulipiga kwa f/11, yaani tundu dogo la lenzi, fokasi umeiweka karibu mita 1.8 ili mawe na mlima vyote viwe vikali. Umefanya vizuri, lakini kwa hesabu hiyo mlima umekaa mpakani kabisa mwa ukali unaokubalika, na mpaka huo ulihesabiwa kwa fremu nzima. Ukikikuza kipande mara 2.5, ulegevu wa fokasi nao unakua mara 2.5. Halafu kuna ukungu wa hewa. Ulikuwa utepe mwembamba nyuma ya ziwa, sasa ndio picha yenyewe. Hapo mkono unakimbilia slaida ya kuondoa ukungu kwenye programu ya kuhariri, kisha ya klariti (inayokoleza kingo za vitu), zote mpaka mwisho. Chengachenga, zile punje zinazochafua picha, zinaamka angani na mlima unapata mstari mweupe ukingoni, kila mtu anauona isipokuwa aliyeutengeneza. Na ulichobakiwa nacho ni megapikseli 3.84. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, unapata upana wa sentimita 20 na ushei.

Kukropu hakubadilishi perspektivu, yaani jinsi vya karibu na vya mbali vinavyolingana kwa ukubwa. Kipande kile ni sawa na kilichoonwa na lenzi ya mm 60 ukiwa umesimama pale pale. Uwiano kati ya jiwe na mlima hubadilishwa na miguu: ukitaka mlima uwe mkubwa na mawe yabaki, rudi nyuma, yaache mawe mbali nawe, kisha funga lenzi ndefu zaidi.

Sasa jaribu hili kwenye faili lile lile. Toa pikseli 625 za juu tu, ibaki 6000 kwa 3375, yaani 16:9. Mlima hujaugusa, ila anga limeshuka juu yake na picha imekuwa nzito, kama vile mvua iko njiani. Rudisha. Toa 625 zile zile kwa chini: anga linatawala, mlima unanyong'onyea, mahali panakuwa papweke. Hesabu ni moja, hisia mbili tofauti. Angalia tu kilele kisiguse ukingo wa fremu. Kipe nafasi inayoonekana, au kikate waziwazi mtu ajue umekusudia.

2. Nyoosha upeo, ule mstari wa mbali chini ya anga, kabla ya kukropu. Kuzungusha digrii 2 tu, ukibaki na uwiano wa 3:2, kunakula karibu asilimia 10 ya eneo. Digrii 5 ni zaidi ya asilimia 20. Kwenye ziwa usiuamini ufuko, kwa sababu ukipinda kuja upande wako huonekana umeinama hata kamera ikiwa sawa. Tafuta ncha ya kitu na taswira yake majini. Hizo mbili lazima ziwe wima, moja juu ya nyingine.

3. Mraba hutuliza, panorama hutanua, 4:5 ya wima hupandisha. Zijaribu zote kwenye nakala pepe, zile za ndani ya programu zisizogusa faili la asili.

4. Tembeza jicho kingo zote nne. Doa jeupe la ukubwa wa kucha likiwa ukingoni hulivuta jicho nje ya picha kuliko tawi zima lililo katikati. Lenzi pana hutia giza pembeni, na ukikropu upande mmoja giza linabaki pembe mbili tu, picha inaonekana ina ugonjwa. Kwa hiyo washa masahihisho ya lenzi kwanza. Giza la kusudi liongeze baada ya kukropu.

5. "Mimi sikropu, nafuata Cartier-Bresson." Hili halikosekani, na msemaji huwa na kamera ya juzi. Ni kweli Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, hakupenda kukropu. Lakini ile picha yake ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, ilikropiwa, maana uzio aliopigia katikati yake ulikuwa umeziba sehemu ya fremu. Ubao uliozibia lenzi ni sababu. "Kulikuwa kutupu" bado si sababu.

6. Mteja wa chapa ya inchi 8 kwa 10 atakuja tu. Huo ni uwiano wa 5:4, kwa hiyo kutoka 6000 kwa 4000 unabaki na 5000 kwa 4000. Pikseli 1000 za upana zimekwenda, na ule mti mliobanisha ukingoni umekwenda nazo. Mkiwa pale mahali, baada ya fremu mnayoipenda, pigeni nyingine iliyolegea kidogo pande zote. Hariri faili la raw (data ghafi ya kamera), JPEG ya mwisho msiihifadhi juu ya ile ya kwanza, na kunoa (kuongeza ukali) kwa ajili ya chapa kuje baada ya kukropu na kupanga saizi, si kabla.