Mtambo wa mlangilangi Komoro: ulizia shamba kwanza

SWALI: Assalaam aleykum, wakili. Nauza viungo hapa Unguja. Rafiki yangu wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, anataka tufungue kiwanda kidogo cha mafuta ya mlangilangi kwao: yeye atoe shamba la familia, mimi nitoe fedha. Nisajili kampuni ya aina gani? Jina langu liingie kwenye hati ya shamba? Na faida nitaitoaje?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Naanza na shamba, maana hapo ndipo fedha yako inaweza kuzama.

Ngazidja kuna ardhi iitwayo manyahuli. Ni mali ya ukoo wa kikeni, hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na kwa mila haiuzwi. Rafiki yako anaweza kuwa amezaliwa hapo na kulima hapo maisha yake yote, na bado asiwe na cha kukupa. Niliwahi kukaa barazani na mteja wangu, kaka wawili wameshatia sahihi. Dada yao mkubwa akatoka ndani na sinia ya kahawa, akaitua, akasema shamba lile ni la binti zake. Mkataba ukafa palepale, na haki ilikuwa yake. Basi muulize mwenzako shamba lilitoka kwa nani. Likiwa manyahuli, usilinunue wala usikubali lihesabiwe kuwa mtaji wake. Likodisheni kwa maandishi, na wanawake wa ukoo watie sahihi kwa mikono yao.

Tena, milangilangi mingi ya Komoro iko kisiwa kingine, Nzwani. Maua huchumwa alfajiri na yanatakiwa yaingie mtamboni asubuhi ileile, la sivyo harufu inaharibika. Huwezi kuyavusha bahari mpaka Ngazidja. Nzwani pia kuna bandari ya Mutsamudu yenye kina, ilhali Moroni, mji mkuu ulioko Ngazidja, meli kubwa hutia nanga nje na mizigo hushushwa kwa matishari. Kama jirani na shamba la rafiki yako hakuna wachumaji wa kutosha, mtambo usiwekwe hapo. Kilo moja ya mafuta hutaka kama kilo 50 za maua.

Jambo ninalokusihi ni kuni. Kukeneka, yaani kuyatoa mafuta kwenye maua kwa mvuke, kunaweza kuchukua hata saa 20, ingawa mafuta ya bei kubwa hutoka saa za mwanzo tu. Mitambo mingi huchochewa kwa kuni, na milima ya Nzwani imevuliwa miti hadi mito mingi imekauka. Fedha uliyotenga kununulia ardhi, ijenge tanuri linalokula kuni chache na uwalipe wakulima wapande miti ya kuni. Bila hivyo, baada ya miaka michache utakuwa unanunua kuni kwa bei ya kukufilisi, na majirani watakuwa wamekosa maji.

Kuhusu kampuni: Komoro iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi 17 zenye sheria moja ya biashara, nyingi zikitumia Kifaransa. Fungueni SARL, yaani kampuni yenye dhima ya ukomo. Hasara yako haitazidi mtaji uliotia. Katiba yake itakuwa ya Kifaransa, kwa hiyo lipa mfasiri wako mwenyewe, si wa mwenzako. Andikeni humo kuwa mgogoro utapelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama ya OHADA iliyoko Abidjan. Kabla ya kuagiza mtambo, nenda ANPI, wakala wa uwekezaji wa Moroni, ukaulize nafuu ya ushuru.

Faida haina utata mkubwa. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro: yuro moja ni faranga 491.96775. Wanunuzi wa manukato wa Ufaransa hulipa kwa yuro, kwa hiyo mashaka yako ya sarafu yapo kati ya yuro na shilingi tu. Ila mtaji uingie kupitia benki tangu siku ya kwanza, usiubebe mfukoni kwenye ndege, na kila stakabadhi uitunze. Siku ya kuomba kutoa faida, benki itataka kuona mtaji uliingiaje.