Jibu: Ukungu mweusi ukutani na kikohozi cha mtoto

Mkuu, umeuliza kama huo ukungu mweusi nyuma ya kabati, hapo ulipopanga Ngaramtoni, Arusha, ndio unaomkohoza mtoto usiku. Inawezekana kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unasema wakaaji wa nyumba zenye unyevu na ukungu wako kwenye hatari zaidi ya matatizo ya kupumua na pumu. Hospitali mpeleke vilevile, kikohozi kina mengi.

Rangi mpya achana nayo, masika ikija unarudi palepale. Tafuta maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu, ziba kingo zote, kiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani kwenyewe: msingi, bomba au bati linalovuja. Hapo mwite mwenye nyumba aone kwa macho yake (usikubali akuletee ndoo ya rangi!). Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa yenu: baridi ya Julai, madirisha yamefungwa, nguo zinaanikwa ndani. Sogeza kabati, fungua madirisha mchana.

Ukisugua, vaa barakoa, mtoto awe nje. Na jiki usiichanganye na dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu.