Kabla Hujalaumu Gundi: Ushauri kwa Anayetengeneza Bakora ya Mchungaji wa Uskoti

Wiki hii msomaji mmoja ametutumia picha ya bakora yake ya kwanza ya Kiskoti: juu pembe ya kondoo dume, chini ufito wa heizeli, mti mdogo wa Ulaya. Anasema haikumaliza miezi 3. Kichwa kinacheza, na mdomo wa pembe, yaani uwazi wa ndoano yake, umeachama kuliko alivyoukunja. Anauliza anunue gundi gani.

Gundi haina kosa. Kosa la kwanza lilianzia siku ufito ulipokatwa, na la pili jikoni, pembe ilipopashwa moto.

Heizeli hukatwa wakati wa baridi, kati ya Novemba na Februari, utomvu ukiwa umeshuka. Ikikatwa majira ya joto, ganda hukunjamana na kubanduka linapokauka, na ganda ndilo uzuri wa fito hizi: kahawia yenye mng'ao wa fedha na madoadoa. Tafuta ufito wenye unene wa milimita 25 hivi upande wa kichwa. Urefu uwe mita 1.4 au zaidi, maana ncha zote mbili zitapasuka na utazikata. Zipake nta au rangi siku hiyohiyo, funga fito mafungu, ziweke bandani penye hewa na kivuli, mbali na moto. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukiweza kusubiri miaka 2, subiri. Ufito wenye maji ukiunganishwa na pembe husinyaa ndani ya maungio, tundu hubaki pana, na gundi iliyoshika vizuri kabisa hujikuta haina cha kushika. Msomaji wetu, kwa maelezo yake mwenyewe, aliukausha miezi 4.

Kunyoosha ufito ni kazi ndogo. Upashe kwa mvuke mahali palipopinda, ukunje kupita kiasi kidogo upande wa pili, ushikilie hadi upoe kabisa. Kisha ufumbe jicho moja, uutazame kwa urefu wake kama anayelenga shabaha.

Sasa tuje kwenye pembe, ambako watu wengi huumia. Pembe inayofaa ni ya kondoo dume aliyekomaa, hasa wa aina ya Blackface, wale kondoo wenye nyuso nyeusi wa milima ya Uskoti. Pembe ya dume mchanga ina ukuta mwembamba: nje inavutia, ndani ni uwazi mtupu. Ikishatolewa mfupa wa kati, nayo iachwe ikauke kama mwaka hivi.

Pembe hulainika kwa joto, ikipoa hushika umbo ulilolipa. Ila haisahau ilikotoka. Ukiichemsha majini kwa dakika 30 hadi 45 haiungui, kwa sababu maji hayavuki nyuzi 100. Mashine ya kupuliza hewa moto ni ya haraka zaidi, lakini inadai mkono usiotulia mahali pamoja. Ukianza kusikia harufu ya nywele zinazoungua, umeshachelewa: tabaka za pembe zimeachana, na doa jeupe litatokea utakapopiga msasa. Hakuna rangi ya kulificha.

Hatua ya kwanza ni kubana, si kukunja. Upande wenye uwazi huwa na umbo la yai, mpana kuliko ufito. Tia ndani chuma cha mviringo ili tundu lisifumbe lote, bana kwenye jiliwa (kibano cha mezani cha fundi) katikati ya vipande viwili vya bomba lililopasuliwa, zungusha mkono wa jiliwa robo mzunguko, acha, pasha tena, bana tena. Anayebana kwa pupa huacha mkunjo ndani, na mkunjo huo ndio unaokuja kuwa ufa. Baada ya hapo ndipo pembe izungushwe kwenye kalibu. Ikunje ipite umbo unalotaka, maana itarudi kidogo, na iache imefungwa usiku kucha. Msomaji wetu alifungua baada ya saa moja kwa sababu kwa nje ilikuwa imepoa. Ndani ilikuwa bado na joto, na mdomo ukaanza kufunguka palepale bila yeye kuona.

Na mdomo ndio bakora yenyewe. Hili linatuuma kila tunapoona fimbo zilizochongwa mbaruti, samaki au kichwa cha mbwa kwenye pua, yaani ncha ya ndoano, ilhali mdomo wake hauwezi kukamata chochote. Bakora tuliyoizoea huku kwetu ni ya kutembelea. Ya mchungaji wa Uskoti ni ya kukamatia. Kwa Kigaeli, lugha ya jadi ya milima ya Uskoti, huitwa cromag, kutokana na neno crom, yaani kupinda. Ya shingo, inayotumika sana msimu wa kondoo kuzaa, huwa na mdomo wa vidole vinne. Ya mguu ni nyembamba: pale palipobana zaidi ipitishe peni ya zamani ya Uingereza, yaani milimita 31 hivi. Mguu wa nyuma huingia, kifundo hakitoki, na mnyama haumii. Ikizidi upana, mguu unachomoka, ikipungua, hauingii. Pua nayo igeukie nje na iwe laini, isichome ngozi. Pima hayo kwanza, nakshi baadaye. Hata zile fimbo zilizojipindapinda alizozipa umaarufu mwimbaji Harry Lauder, hadi heizeli ya aina hiyo ikaitwa kwa jina lake, ni za jukwaani. Mlimani mchungaji anataka ufito ulionyooka.

Maungio: tumia chuma chenye hesi cha milimita 8, urefu sentimita 10, nusu iingie kwenye pembe na nusu kwenye ufito. Toboa kwa keekee ya milimita 8.5. Piga mfereji mwembamba kwa tupa ubavuni mwa chuma, vinginevyo hewa iliyonaswa chini ya gundi itasukuma kichwa juu usiku ukiwa umelala. Nyuso mbili zinazokutana zikwaruze na uzifute kwa spiriti. Gundi ya epoksi ya kawaida, ile ya mirija miwili, inatosha. Ukiweka noleo, yaani pete ya pambo, la pembe ya paa katikati litapendeza, lakini lisitumike kuficha nafasi.

Kumalizia ni tupa, kisha msasa namba 120, 240, 400, hadi 1200, bila kuruka. Vaa barakoa, vumbi la pembe ni baya kwa mapafu. Ufito upake mafuta ya kitani au vanishi, chini uvishe kofia ya shaba ya njano.

Kwa msomaji wetu: bakora yako haijafa. Pasha maungio taratibu kwa hewa moto, epoksi italegea, uvute kichwa kikiwa kimenyooka bila kukisokota. Ufito uuweke bandani hadi mwakani. Kichwa kichemshe tena, ukikunje kwenye kalibu ileile, mara hii ukibane zaidi kwa milimita 5 na usikifungue hadi asubuhi. Ikishaungwa tena, usiiache nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani, hata kwa mchana mmoja. Joto la pale linatosha kuufungua mdomo upya.